Stuli ya Mzee wa Picha

Ukiona Mzee wa Picha anakuja kwenu amebeba kamera peke yake, hakuna shida, labda anapita tu akienda harusi. Lakini ukiona amebeba kamera na stuli, jipange. Hivyo ndivyo watu wa huku kwetu Maua walikuwa wanasema, na mimi venye niko na mdomo, nilikuwa nasema kushinda wote.

Hiyo stuli ilikuwa ya miguu mitatu, ile ya kukalia jikoni, imeshika masizi mpaka huwezi jua ni ya mti gani. Alikuwa anaiweka kwa kivuli cha nyumba yako, anafunga kitambaa cha buluu kwa ukuta, halafu anaita mzee au mama wa hapo. "Kuja ukae kidogo. Peke yako." Anapiga moja, anapiga ya pili, anasema asante, anaenda zake. Haulizi kitu. Mwaka unapita, siku moja unaona hiyo picha imebebwa mbele ya jeneza, kitambaa cha buluu nyuma, na unakumbuka ile siku ya stuli.

Mtu wa akili ya kawaida atasema, si ni wazee anapiga, na wazee si wanakufa? Ni kweli. Lakini hapa kwetu nani ako na akili ya kawaida? Sisi tulianza kuhesabu. Huyu alikaa, akaenda. Yule alikaa, akaenda. Mimi nikampatia jina, Bwana Kalenda. Nilikuwa nafunga miraa hapo sokoni, na akipita nilikuwa napiga kelele: "Wazee ingieni ndani, Kalenda anafungua ukurasa!" Watu wanacheka mpaka miraa inaanguka. Yeye anasimama, ananiangalia na hayo macho yake ya maji maji, anasema polepole, "Kijana, wewe bado. Wewe nitakuambia." Kicheko kinaisha hapo hapo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la mifuko mingi, jua likiwaka, ukungu ukishuka, ni hilo tu. Ukikaribia unasikia moshi wa kuni, na hakuna mtu alimpikia, juu alikuwa anaishi peke yake. Mikono ilikuwa inatetemeka. Hebu fikiria, mpiga picha wa mikono inatetemeka! Niliona hiyo ni kama dereva kipofu. Lakini picha zake hazikuwahi kutoka zimecheza, hata moja.

Na alikuwa na neno lake. "Imepanda ngapi?" Siku moja nililazwa na malaria, akanitembelea, mtu wa kwanza kunitembelea kabla hata ya wale niliwafungia miraa miaka yote. Daktari akaweka kipima joto. Mzee wa Picha akainama, akauliza daktari, "Imepanda ngapi?" Nilicheka na homa yangu yote. Baadaye ndio nilijua hilo neno halikuwa mchezo.

Shosho, nyanya yangu, ndiye alimpinga waziwazi. Mara ya kwanza alikuja na stuli, shosho alikuwa anachambua maharagwe. Hakusimama hata.

"Enda upige mbuzi," akamwambia.

"Mama, mbuzi hana haja ya picha."

"Mpige. Tuone kama ataishi."

Na Mzee wa Picha, bila kukasirika, akaweka kitambaa cha buluu, akamshika mbuzi na kamba, akampiga picha safi kabisa, mbuzi ameangalia mbele kama anaomba kazi ya serikali. Krismasi ikafika, tukamchinja. Shosho akaniita jikoni, akanionyesha sufuria na mwiko. "Si nilikuambia? Unaona sasa?"

"Lakini shosho, ni wewe umesema achinjwe."

"Nani aliniwekea hiyo mawazo?"

Huwezi shinda shosho.

Kilichomgeuza shosho ni dada yake. Huyo aliaga ghafla, na kwa nyumba nzima hakuna picha hata moja. Wakachukua kitambulisho, wakakipeleka pale wanachapisha, ile picha ndogo ya zamani ikavutwa ikawa kubwa. Siku ya mazishi tukapewa vitabu vya programu, na hapo juu ni mtu wa kutisha, macho mashimo, mdomo umekunjwa kama ameshikwa akiiba kuku. Wajukuu walikuwa wanaikunja wasiione. Shosho alishikilia hicho kitabu mbali, mkono umenyooka. Akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni yeye, shosho. Akasema, "Si yeye. Tumezika mwingine." Wiki hiyo hiyo akaoga, akafunga kitambaa kipya kichwani, akatembea mwenyewe mpaka kwa Mzee wa Picha. Alikaa kwa stuli. Na mpaka leo ako hapa, anachambua maharagwe, ananitukana. Kwa hivyo ile hesabu yetu ilikuwa upuzi. Nilijua ni upuzi. Lakini kujua na kukalia hiyo stuli ni vitu viwili.

Mimi kuingia kwa mambo ya kamera ilikuwa ni ukaidi tu. Nilipata kamera ya mitumba, imechubuka kila pahali, nikaona kuliko kufunga miraa mpaka vidole vife, si niwe nashika harusi. Sikujua kitu. Darasa la nane halina somo la kamera. Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Kangeta. Nje picha zilikuwa tamu, ndani ya kanisa zikatoka bibi harusi ni kivuli na meno. Mama yake akaniambia, "Kijana, tulikuita upige picha, si upige mchawi."

Nikapeleka aibu yangu kwa Mzee wa Picha. Nilifikiria atacheka, juu nimemcheka miaka. Alichukua kamera akaigeuza, akaangalia kioo.

"ISO yako iko wapi?"

"Iko hapo ndani, mzee. Sijawahi itoa."

Hakucheka. Akavuta kifungu cha miraa nilikuwa nimebeba, na huyu ni mtu wa kanisa, mzee wa kanisa kabisa, hajawahi tafuna hata jani. Lakini kila kitu alikuwa anafundisha na miraa.

"Hii kamera ni mtu amekaa macho," akasema. "Jua likiwa kali, hahitaji kutafuna. Anaona kila kitu, ametulia. Hiyo ni ISO mia moja. Ukimwingiza kwa giza, haoni. Sasa anatafuna. Mia nne. Mia nane. Elfu moja mia sita. Kila akitafuna, macho yanafunguka, anaona gizani. Lakini wewe ni wa huku Igembe kwa miraa, unajua mtu akitafuna sana anakuwa aje."

"Anashika handasi. Anaanza kuona vitu haviko."

"Eh. Hata kamera. Ndio unaona hizo chenga chenga kwa picha, vidoti vya nyekundu na kijani. Hivyo vitu haviko kwa chumba. Ni kamera imeona peke yake."

Nikauliza, kwa hivyo nitajuaje nimpatie ngapi? Akafungua pahali imeandikwa Auto.

"Hapa unamwambia ajitafunie mwenyewe kulingana na giza. Wewe unatoka jua unaingia jikoni, unatoka jikoni unaingia kanisa, haugusi kitu, anapanda anashuka mwenyewe. Lakini lazima umpatie sheria mbili. Ya kwanza, mwisho wa kutafuna. Mimi yangu nimeweka elfu sita mia nne. Akifika hapo, hata kuwe giza la kaburi, asipite. Ya pili, unamwambia asifungue jicho polepole sana, juu mtu akisogea atatoka amecheza. Mimi mikono inatetemeka, kwa hivyo nimemwambia kila picha aikate haraka, moja kwa mia mbili hamsini ya sekunde, asishuke chini ya hapo. Giza likizidi, kwanza apande ISO, asicheleweshe jicho."

Ndio nikajua siri ya mikono yake. Halafu nikaona kitu kwa kamera yake mwenyewe. Ile batani ya ISO ilikuwa imefunikwa na plasta, ile ya kidonda, imekuwa nyeusi na uchafu wa miaka.

"Mzee, kamera imeumia?"

"Mimi ndio niliumia," akasema. "Hiyo ni ya kuzuia mtu asitoe Auto. Hata mimi."

Kila mpiga picha mkubwa niliwahi kusikia anasema Auto ni ya wavivu. Na yeye mwenyewe, ukimkuta na vijana wengine wa kamera, alikuwa anawaambia hivyo hivyo. "Fundi anajiwekea na mkono." Anawaambia hivyo na plasta iko hapo chini ya kidole chake. Nilimuuliza mbona anadanganya watu. Akasema, "Si uongo. Fundi ni hivyo. Mimi nilikuwa fundi."

Kwa mazishi ndio ungemwona vizuri. Unajua venye tunafanya huku. Kabla ya kushusha mwili, MC anaita watu kwa makundi waje wapigwe na jeneza. Watoto wa marehemu! Wajukuu! Kikundi cha akina mama! Waliosoma naye! Watu wanapanga mstari, wengine wanapigania pahali pa mbele kama ni basi ya mwisho. Mzee wa Picha alikuwa anawapanga kwa kugusa mabega tu, hasemi. Lakini kila kundi alikuwa anaacha nafasi. Nafasi ya mtu mmoja, kando ya jeneza, upande wa kushoto. Watu wakibanana, yeye anawasukuma: "Acheni hapo. Hapo kuna mtu."

Mara ya kwanza nilifikiria ni mtindo wa picha. Mara ya pili mtoto mmoja wa marehemu akauliza, "Mzee, ni nani hajafika?" Akasema, "Amefika." Huyo jamaa akasogea upande wa kulia. Na kuna siku nilimsikia, ameinamia kamera, anaambia hiyo nafasi tupu, kwa sauti ya chini kabisa, "Sogea kidogo." Nikaangalia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na nyasi imekanyagwa, lakini kwa mazishi nyasi yote imekanyagwa. Nilijiambia hivyo njia yote mpaka nyumbani.

Stori yenyewe ya plasta na hiyo nafasi alinipatia tukiwa Ishiara. Tulikuwa tumeitwa wawili, yeye wa picha, mimi wa video, na gari la mwili lilikuwa limechelewa. Ishiara si kama kwetu, huko hakuna ukungu wa kukuficha, jua linakusimamia kichwani kama polisi. Tumekaa chini ya tenti, soda zimekuwa chai. Nikamtania kama kawaida. "Mzee, kwa hili jua kamera yako leo haitafuni, imeokoka." Akatoa kamera, akarudi nyuma kwa picha, nyuma, nyuma, mpaka mwanzo wa kadi. Akanipatia.

Ilikuwa nyeusi. Nyeusi tii.

"Mzee, hii ulipiga na kifuniko."

"Huyo ni mke wangu."

Nikamrudishia kamera na mikono miwili.

Akaniambia polepole, akiangalia barabara gari litatokea. Ilikuwa mchana kama huo. Alikuwa ametoka kupiga picha nje juani, ISO mia moja, kila kitu amejiwekea na mkono venye fundi anafanya. Akapita kwake akule. Bibi yake alikuwa jikoni, kwa hiyo hiyo stuli ya miguu mitatu, anapuliza moto. Miaka yote wameishi, alikuwa hajawahi mpiga hata moja. Mke wa mpiga picha, kila siku ni "nitakupiga, nitakupiga". Siku hiyo bibi akacheka, akasema, "Watu wote wa Maua umewapiga, mimi ni mbuzi?" Mzee akainua kamera, akapiga moja. Akaangalia kioo, giza. Alikuwa ameingia jikoni na ISO ya nje. Kugeuza ni kitu ya sekunde tatu. Bibi akamwambia, "Rudia." Na yeye alikuwa na njaa, na watu walikuwa wanamngoja huko alitoka.

"Nikamwambia, kesho. Kesho jua likiwa zuri, utoke nje, uvae ile nguo ya kanisa."

Akapangusa kioo cha kamera na kona ya koti.

"Hakufika kesho?" nikauliza.

"Hakufika jioni."

Na yeye, mtu alikuwa amejaza kuta za kila nyumba na nyuso, akazika bibi yake na msalaba hauna picha. Baadaye alipeleka hiyo nyeusi kwa kijana wa kompyuta, akamwambia aivute mwangaza. Kijana akavuta mpaka mwisho. Zikatoka chenga, nyekundu na kijani, kama mchanga.

Hapo kwa tenti akabonyeza, akavuta picha karibu, kidole kinatetemeka. "Hapa ni meno. Alikuwa anacheka. Hapa ni mkono. Unaona?"

Nikasema naona, mzee. Nilikuwa nadanganya. Halafu nikaangalia tena, na sikuwa na uhakika kama nimedanganya.

Gari la mwili likafika. Akasimama, akapangusa koti, akaenda kupanga watu. Akaacha nafasi.

Baada ya hiyo siku sikumwita Kalenda tena. Nilielewa mbona anazunguka na stuli. Alikuwa anawahi watu. Kila mzee alikuwa anakaa hapo alikuwa ni zile sekunde tatu hakumpatia bibi yake. Kuelewa hakukunitoa uoga lakini. Ukweli ni kama ulizidisha.

Sasa mara ya mwisho. Ilikuwa hii masika imepita. Nilikuwa nimetoka kupiga harusi nje juani, shambani kwa watu, na nilikuwa nimeanza kujiona. Kijana mmoja kwa video za simu alikuwa amesema fundi wa ukweli hatumii Auto, basi na mimi nikatoa Auto, nikaweka mia moja, nikajisikia mtu. Nikapata ujumbe kwamba Mzee wa Picha ananiita nyumbani. Nikajua ni macho yake. Watu walikuwa wanasema yameweka ukungu, anashika ukuta akitembea.

Nilimpata jikoni. Saa tisa mchana, lakini hiyo jikoni haina saa tisa. Dirisha moja dogo limefungwa na gunia, ukuta ni masizi, moto unafuka bila kuwaka. Alikuwa amekaa kwa stuli. Amevaa suti.

"Umechelewa, kijana."

"Barabara mzee. Na wewe umevaa hivi, unaoa?"

"Nipige."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaangalia mlango. Huko nje mwangaza ulikuwa mzuri, umepoa, mwangaza wa bure. Nikamwambia twende nje. Akakataa na kichwa. "Hapa. Kwa hii."

Nilijua natakiwa kupiga picha gani. Ni ile inabebwa mbele. Miaka yote nimecheka mtu wa stuli, na sasa mimi ndio nashika kamera. Nikapiga haraka ndio iishe. Nikaangalia kioo.

Nyeusi tii.

"Ni giza, ama?" akauliza.

"Umejuaje mzee?"

"Nimesikia venye umenyamaza."

Na mdomo wangu, huu mdomo hauna breki, ukajitetea kabla sijafikiria. "Kesho, mzee. Kesho jua likiwa zuri nitakuja..."

Hilo neno likabaki hapo katikati yetu na moshi. Aliweka mikono kwa magoti akangoja, macho yake meupe yameangalia pahali niko. Nikainama, nikarudisha Auto. Mwisho, elfu sita mia nne. Jicho, moja kwa mia mbili hamsini. Sekunde tatu, sikudanganyi, nilihesabu. Nikainua.

Nikapiga.

"Imepanda ngapi?"

"Elfu sita mia nne."

"Imefika mwisho."

"Imefika, mzee."

"Chenga?"

"Ziko. Nyingi."

"Uso?"

Nikavuta karibu. Mikunjo, ndevu nyeupe, hiyo tai imeenda upande. Macho. "Uko. Wote uko."

Alipumua kama mtu ametua gunia. Akasimama, akishika ukuta, akafika kwa koti lake kwa msumari, akatoa kamera yake ya plasta. Akanionyesha stuli kwa kidevu.

"Sasa kaa wewe."

"Mimi? Mzee, mimi ni kijana. Mimi si wa hiyo stuli."

"Uko na picha yako? Moja. Nitajie."

Nikafikiria. Maelfu ya watu kwa kadi zangu, maharusi, maiti, mbuzi. Mimi sipo hata moja.

"Nilikuambia nitakuambia," akasema. "Kaa."

Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa hapo. Lakini nilikuwa nimeona venye alingoja. Nikakaa. Hiyo stuli ilikuwa na joto bado, joto sana, kushinda la mtu mmoja mzee mwembamba. Akainua kamera mpaka kwa jicho ambalo halioni. Mikono ikitetemeka, suti ikinuka moshi.

"Sogea kidogo," akasema.

Nikasogea.

"Si wewe," akasema, na akapiga.